Kiti Kinavunjikia Wapi? Mwongozo Kamili wa Kupima Uimara wa Samani kwa Matumizi Halisi ya Wateja

Fundi akimaliza kiti hukikalia, hukitikisa, hukipiga ngumi mbili tatu kwenye egemeo, kisha husema, "Hiki ni chuma." Nami nimesema hivyo kwa miaka. Siku moja vikarudi viti kumi na viwili vya mninga kutoka mgahawa mmoja hapa Dar es Salaam, miezi minane tangu vitoke karakanani. Vyote vilikuwa vimelegea mahali pamoja: pale reli ya pembeni inapoingia kwenye mguu wa nyuma. Hakuna hata kimoja kilichopasuka kikalio, na kikalio ndicho pekee tulichokuwa tunakijaribu.

Tangu hapo nimejifunza kuuliza swali kabla ya kukalia kiti chochote: kwa mteja kinavunjikia wapi, na kinafikishwaje hapo? Mwongozo huu unaeleza jinsi karakana ndogo, iwe Keko ya Dar es Salaam au Gikomba ya Nairobi, inavyoweza kukusanya taarifa za matumizi halisi na kuzigeuza kuwa jaribio la uimara. Maabara haihitajiki. Unahitaji daftari, rula, mizani ya kuning'iniza, mifuko ya mchanga, madumu ya maji, simu, na uvumilivu wa kwenda kukaa kwa mteja na kutazama.

Hatua ya kwanza: chagua samani moja na swali moja

Usianze na bidhaa zote. Chagua ile inayorudi sana, au ile unayotaka kuipa waranti. Kisha andika swali kwa sentensi moja, kwa mfano: "Kiungo cha mguu wa nyuma cha kiti cha mgahawa kitahimili miaka mitatu?" Swali kama "viti vyetu ni imara?" halina jibu, na litakuchosha bure. Katika maelezo yanayofuata nitashika kiti cha mgahawa, kwa sababu ndicho kilichonifundisha. Sofa na kitanda nitavigusa baadaye.

Hatua ya pili: kila kiti kiwe na namba

Geuza kiti, andika namba chini ya kikalio kwa chuma cha moto au kalamu isiyofutika. Kwenye daftari, mbele ya namba hiyo, andika tarehe ya kukabidhi, aina ya mbao na ilikonunuliwa, gundi, fundi aliyeunganisha, na mji kiti kinakokwenda. Ukikosa namba, siku kiti kikirudi hutajua kama ni cha mzigo wa mbao mbichi wa masika au cha mbao zilizokauka vizuri.

Mji ni jambo kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mbao husinyaa kwa upana wake unyevu wa hewa unaposhuka, na kwa urefu husinyaa kidogo mno. Kiti kilichounganishwa kwenye joto la unyevunyevu la Dar kikipelekwa Dodoma wakati wa kiangazi, ulimi wa reli, yaani ncha yake iliyochongwa kuingia kwenye mguu, hukonda ndani ya tundu lake, gundi huachia, na kiti huanza kucheza kabla hakijakaliwa sana. Mteja atasema fundi ni mbovu. Daftari litakuonyesha kwamba viti vya mzigo uleule vilivyobaki Temeke havijalegea.

Hatua ya tatu: nenda ukahesabu

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi wanaporuka. Omba ruhusa ya mwenye mgahawa, agiza chai, kaa pembeni. Mimi hutumia kaunta ndogo ya tasbihi, ile ya kidole yenye kitufe, inayouzwa bei nafuu karibu na misikiti. Kila mtu akikaa kwenye kiti unachokitazama, bonyeza. Kwenye karatasi weka alama za mambo mengine: aliyejiegemeza hadi miguu ya mbele ikanyanyuka, aliyeburuta kiti badala ya kukibeba, aliyekaa upande kwa kuweka uzito kwenye kona moja, aliyesimama juu ya kiti ili abadilishe balbu.

Kaa asubuhi, mchana na jioni, siku ya kazi na siku ya mwisho wa wiki. Ukienda saa saba mchana peke yake utapata picha ya wali maharage tu. Jioni watu hukaa muda mrefu, hutazama mpira, na ndipo viti huegemezwa nyuma.

Siku ya kwanza nilipofanya hivi nilimwuliza mama mwenye mgahawa, "Shikamoo mama, kiti gani hukaliwa zaidi?" Akaitikia marahaba, akanionyesha bila kufikiri: "Hicho cha chini ya feni, fundi. Hakipoi hicho." Alisema kweli. Kiti cha chini ya feni na cha karibu na mlango hufanya kazi ya viti viwili au vitatu. Kwa hiyo usipige wastani wa ukumbi mzima ukatosheka. Tuseme ukumbi una viti 48 na wateja 240 kwa siku: wastani ni watu watano kwa kiti. Lakini cha chini ya feni kinaweza kupata 14. Jaribio lako lilenge hicho, kwa sababu ndicho kitakachorudi kwanza.

Kaa hadi wanapofunga, ukiruhusiwa. Usiku wa kwanza niliokaa hadi mwisho niliona binti akipindua viti juu ya meza, akamwaga maji yenye sabuni sakafuni, akafagia, akavirudisha chini sakafu ikiwa bado inameremeta kwa maji. Ncha ya mguu wa kiti ni sehemu iliyokatwa kukinzana na nyuzi za mbao, na hapo mbao hunywa maji haraka. Gundi nyeupe ya kawaida hulainika ikilowa mara kwa mara. Miaka yote nilikuwa nikipaka vanishi kila mahali isipokuwa hapo chini ya mguu.

Hatua ya nne: uliza maswali yenye majibu

Huwezi kukaa kwa kila mteja, kwa hiyo wengine utawauliza kwa simu au WhatsApp. Kosa kubwa ni kuuliza, "Kiti kinaendeleaje?" Mteja wetu ni mstaarabu, atajibu, "Kizuri, tunashukuru." Hilo halipimiki. Uliza jambo alilolifanya au aliloliona: Jana walikaa watu wangapi hapo? Mnaosha sakafu mara ngapi kwa wiki? Tangu mnunue mmehama nyumba? Kuna kiti mmekitenga pembeni? Kuna fundi mwingine amekigongea msumari?

Swali hilo la mwisho ni la dhahabu. Wateja wengi hawarudishi kitu. Humwita fundi wa mtaani, anapiga msumari, na wewe unabaki kuamini kwamba kazi yako haina kasoro. Kila mwezi mimi huchagua wateja kumi ambao hawajawahi kulalamika, nikawapigia. Ukimya wao nausikiliza kuliko malalamiko ya wengine.

Omba picha ya kiungo kwa karibu na picha ya chini ya miguu. Na mwambie mteja wazi unazitakia nini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Picha ya sebule ya mtu, namba yake na mahali anapoishi si vitu vya kurusha kwenye matangazo. Kwenye jedwali la majaribio weka namba ya kiti tu, na jina la mteja libaki kwenye daftari la mauzo.

Hatua ya tano: pima kiti kinavyocheza

Ukisubiri viti vivunjike ndipo ujifunze, utasubiri miaka. Kiungo hulegea kwanza, na kulegea kunapimika.

Funga kamba juu ya egemeo, vuta kwa mizani ya kuning'iniza hadi isome kilo 5, huku mwenzako amekandamiza kikalio kisisogee. Shika rula kando na usome ncha ya juu ya egemeo imesogea milimita ngapi. Fanya hivyo siku ya kukabidhi, kisha baada ya miezi mitatu, sita na kumi na miwili. Vuta palepale na kwa uzito uleule kila mara. Andika: kiti namba 7, siku ya kwanza milimita 1, mwezi wa tatu milimita 2, na kuendelea. Kipimo hiki huchukua dakika mbili, na ndicho kinachounganisha nyumba ya mteja na karakana yako, kwa sababu utakirudia vilevile kwenye mtambo wa kujaribia nitakaoueleza katika hatua ya saba.

Ukiwa hapohapo pima na nguvu zenyewe. Mkalishe mtu, vuta egemeo kwa mizani nyuma taratibu hadi miguu ya mbele ianze kunyanyuka. Kwa mtu wa kilo 80 utasoma kilo ishirini hivi, kutegemea urefu wa egemeo na jinsi alivyokaa. Hiyo ndiyo nguvu inayoangukia viungo vya nyuma kila mtu anapojiegemeza.

Hatua ya sita: hesabu pia visivyorudi

Tuseme umeuza viti 40 na vimerudi 6. Wengi wangesema asilimia 15. Lakini angalia tarehe: 20 viliuzwa Januari na 20 Agosti, na vyote sita vilivyorudi Desemba ni vya Januari. Vya Agosti bado vichanga. Kwa hiyo katika viti vilivyokaa karibu mwaka, vimeharibika 6 kati ya 20, yaani asilimia 30. Tofauti hiyo inatosha kukufilisi kama umetoa waranti ya miaka miwili.

Panga jedwali lako kwa umri wa kiti badala ya tarehe ya kalenda. Kwa kila umri andika vingapi vimefika hapo na vingapi vimeharibika hapo. Visivyoharibika navyo ni taarifa. Wahandisi wana hesabu maalumu ya mambo haya, ile ya Waloddi Weibull, Msweden aliyechapisha makala yake maarufu mwaka 1951, na programu nyingi za takwimu zinayo. Lakini jedwali la umri likijazwa kwa uaminifu linatosha kabisa kuanzia.

Hatua ya saba: geuza hesabu kuwa jaribio

Chukua kile kiti cha watu 14 kwa siku. Mgahawa ukifunguliwa siku 26 kwa mwezi, ni watu 4,368 kwa mwaka. Tuseme katika kila watu 100 uliowatazama, 18 walijiegemeza nyuma, na kila mmoja wao mara tatu. Hiyo ni misukumo kama 2,360 kwa mwaka. Iite 2,400.

Viwango vya kimataifa vinasaidia kupata picha ya ukubwa wa jambo. EN 12520, kiwango cha Ulaya cha viti vya nyumbani, hukandamiza kikalio kwa nyutoni 1,000 na egemeo kwa nyutoni 300, mara 25,000. Nyutoni 1,000 ni kama mifuko miwili ya saruji ya kilo 50, na 300 ni kama kilo 30. Kiwango cha Marekani cha viti vya ofisi, BIFMA X5.1, huangusha mfuko wa kilo 57 kwenye kikalio mara 100,000. Ni vipimo vizuri vya kulinganisha kiti na kiti, na ukiuza nje utavihitaji. Ila hakuna kati yake kinachomfahamu binti wa ndoo na sabuni. Huyo utamwingiza mwenyewe.

Mtambo wangu ni huu. Nimepigilia ubao sakafuni, miguu ya nyuma ya kiti inauegemea isiteleze. Kwenye kikalio kuna mifuko miwili ya mchanga ya kilo 50. Kutoka juu ya egemeo kamba inakwenda nyuma, inapita juu ya kapi, na mwishoni linaning'inia dumu la lita 20 lililojaa maji. Mti mrefu wa kuinulia unanyanyua dumu sentimita chache tu ili kamba ilegee, kisha unalishusha taratibu. Kunyanyua na kushusha ni mzunguko mmoja. Kama miguu ya mbele inanyanyuka, sogeza mifuko mbele. Vijana wawili wakipokezana wanafikisha mizunguko 20 kwa dakika bila kuchoka sana, na kaunta ya tasbihi inahesabu. Mizunguko 2,400 ni saa mbili. Mwaka mzima wa chini ya feni unaisha kabla ya chakula cha mchana! Ukipata mota yenye gia ya kuzungusha mkono wa chuma, vijana watafanya kazi nyingine.

Mtu asisimame nyuma ya kiti wakati wa jaribio, na mtu asikalie kiti badala ya mifuko. Mguu wa mbao ukikatika hukatika ghafla, na hutoa vibanzi.

Hatua ya nane: linganisha na kiti kilichorudi

Hatua hii isirukwe hata ukiwa na haraka namna gani.

Tuseme kiti namba 7, kilichokaa mwaka mmoja chini ya feni, kinacheza milimita 6. Unaweka kiti kipya cha aina ileile kwenye mtambo, na baada ya mizunguko 2,400 kinacheza milimita 3 tu. Usifurahi. Maana yake jaribio lako ni jepesi kuliko mgahawa. Kuna jambo mteja analifanya ambalo wewe hujaliweka. Kwetu yalikuwa mawili: maji na kuburuta. Sasa kila baada ya mizunguko 200, ambayo ni kama mwezi mmoja, tunaacha miguu ndani ya karai lenye kina cha maji ya sabuni cha kidole kimoja kwa nusu saa, tunaiacha ikauke, kisha tunaburuta kiti chenye mfuko mmoja juu yake mita 50 kwenye sakafu ya saruji. Kweli, saa mbili zinakuwa siku kadhaa. Ongeza kimoja kimoja hadi mtambo utoe zile milimita 6 karibu na mizunguko ile 2,400.

Lakini milimita pekee hazitoshi. Fungua viti vyote viwili kwa patasi, kile cha mgahawa na kile cha mtambo, uviweke mezani sambamba. Je, gundi imeachia kwenye ulimi au kwenye tundu? Ufa uko upande wa juu wa reli au wa chini? Ulimi umesagika au umekatika? Kama cha mtambo kimevunjika kikalio na cha mgahawa kimelegea mguu, jaribio ni bovu hata kama ulifikisha mizunguko laki moja. Mara ya kwanza viungo viwili vilipofanana mbele yangu, hadi ule mstari mweusi wa maji uliopanda mguuni, niliviweka rafuni na viko huko hadi leo. Kila kijana mpya anaanzia hapo.

Ukishalinganisha, unaweza kutafuta ukomo wa kiti. Carl Eckelman wa Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, Marekani, ambaye utafiti wake ulihusu sana nguvu za viungo vya samani, alitumia njia ya kupanda ngazi: mizunguko 25,000 kwa uzito mmoja, 20 kwa dakika, kisha uzito unaongezwa na kuanza tena, hadi kiti kishindwe. Kwa mkono huwezi 25,000, lakini ngazi unaweza. Anza na kilo 15, mizunguko 500, ongeza 5, endelea. Andika ngazi ambayo kilishindwa. Inakupa namba ya kulinganisha ulimi mfupi na mrefu, gundi hii na ile, mninga na paini.

Sofa na kitanda

Njia ni ileile, matendo ndiyo yanabadilika. Kwa sofa uliza nani hukalia mkono, watoto wangapi huruka, na wageni wangapi hulala juu yake. Pima kina ambacho sponji inazama chini ya mfuko wa kilo 50, kwenye ukingo wa mbele hasa. Kitambaa kina kipimo chake cha kusuguliwa, Martindale, na muuzaji makini wa vitambaa anaweza kukupa idadi yake. Mwombe.

Kwa kitanda, watu hudhani tatizo ni kulaliwa. Ukiuliza vizuri utasikia habari za chaga ya katikati iliyokatika mtu alipopiga goti kufunga chandarua, na za kuhama. Mpangaji wa mjini hufungua kitanda na kukifunga upya kila anapohama, na tundu la skrubu kwenye mfumbati hupanuka kidogo kila mara, hasa kwenye mbao za kusindikwa. Basi jaribu hivi: funga na ufungue mara kumi, na kila mara pima kitanda kinavyocheza kwa mizani na rula. Kikishindwa mara ya nne, weka boliti na nati ya chuma mahali pa skrubu, uanze upya.

Hatua ya mwisho: badilisha kitu kimoja, urudishe kwa mteja

Baada ya haya yote utatamani kubadilisha kila kitu kwa pamoja: ulimi mrefu, gundi isiyoogopa maji, mpira chini ya miguu. Fanya kimoja, upime, ndipo ufuate kingine, la sivyo hutajua kipi kilisaidia na kipi kilikuongezea gharama tu. Sisi tulianza na miguu: tulichovya ncha zake kwenye vanishi hadi zikaacha kunywa, kisha tukagongea vipande vya mpira. Baadaye ndipo tukarefusha ulimi.

Kisha peleka viti vipya viwili kwenye mgahawa uleule, vyenye namba, uviweke palepale chini ya feni. Viwili vya zamani vihamie meza ya jirani. Waombe wasivibadilishe nafasi. Rudi baada ya miezi mitatu na mizani yako na rula, uvipime vyote vinne, uandike.

Waranti yetu ya kiti cha mgahawa sasa ni miezi kumi na minane, si kwa sababu jirani anatoa hivyo, bali kwa sababu jedwali la umri limefika hapo likiwa safi. Likifika ishirini na nne, tutaiongeza.